Mashaka ya Vipimo vya Mvua katika Mizania ya Maji ya Wilaya za Tarime na Serengeti: Tahakiki

Tahakiki hii inachunguza namna takwimu za mvua zinavyotumiwa katika maandiko ya kitaaluma yanayokadiria kiasi cha maji katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hoja yake ni moja. Katika wilaya hizi, maji yanayopatikana kwa matumizi ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa zinazokaribiana, yaani mvua inayonyesha na maji yanayorudi angani. Kwa sababu hiyo, kosa linaloonekana dogo katika mvua huwa kosa kubwa sana katika maji. Pamoja na hayo, desturi iliyozoeleka ni kuyataja mashaka ya mvua katika aya moja ya mapungufu ya utafiti, karibu na mwisho, baada ya namba kukwishatolewa na mapendekezo kukwishaandikwa. Tahakiki hii inaona kwamba mahali pa mashaka hayo ni ndani ya hesabu yenyewe.

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala hukutana. Hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutenganisha Wilaya ya Tarime iliyo kaskazini na Wilaya ya Serengeti iliyo kusini. Baada ya hapo hutawanyika katika ardhi oevu kabla ya kupita Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Eneo la bonde hutajwa kwa namba tofauti kutegemea chanzo, nyingi zikiwa kati ya kilomita za mraba 13,000 na 14,000, na takriban theluthi mbili ya eneo hilo liko Kenya. Inafaa kusimama kidogo hapa. Iwapo hata ukubwa wa bonde, ambao haubadiliki msimu hadi msimu, hutajwa kwa namba zinazotofautiana kwa mamia ya kilomita, msomaji anayo haki ya kuuliza ni kwa ujasiri gani mvua ya bonde hilo inaandikwa kwa nukta mbili za desimali.

Kabla ya kuendelea ni lazima kufafanua istilahi. Maandiko ya Kiswahili hutumia "bajeti ya maji", "urari wa maji" na "mizania ya maji" kwa dhana ileile. Hapa limechaguliwa neno mizania kwa sababu limetoka kwenye hesabu za biashara na linaeleweka sokoni na ofisini. Tatizo kubwa zaidi liko katika neno "kosa". Kwa msomaji wa kawaida, kosa ni jambo alilolifanya mtu na ambalo angeweza kuliepuka. Msomaji wa kipimamvua akisikia kwamba takwimu zake zina kosa la asilimia kumi, atadhani ameshutumiwa. Katika tahakiki hii "mashaka" ni upana wa namba ambamo ukweli unaweza kuwemo hata pale kila mtu alipofanya kazi yake vizuri. "Kosa la kimfumo" ni kupotoka kunakoelekea upande mmoja kila mara. Tofauti hii si ya maneno tu. Mashaka ya nasibu hupungua vipimo vinapojumlishwa, ilhali kosa la kimfumo halipungui hata vikijumlishwa vya miaka hamsini.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Mvua iliyonyesha, ukitoa maji yaliyorudi angani kutoka kwenye udongo, mimea na madimbwi, ukitoa pia maji yaliyotiririka mtoni, hubakisha badiliko la akiba iliyomo ardhini. Kwa kipindi cha miaka mingi badiliko hilo huchukuliwa kuwa karibu na sifuri, na hivyo mtiririko huwa mvua kutoa mvukizo. Tuchukue namba za mfano, zisizodai kuwa za kijiji chochote: mvua milimita 1,000 kwa mwaka, mvukizo milimita 880, mtiririko milimita 120. Tuseme mvua ina mashaka ya asilimia 10, na mvukizo, ambao ni mgumu zaidi kupima, una mashaka ya asilimia 15. Mashaka ya kwanza ni milimita 100, ya pili ni 132. Yakiunganishwa kwa kanuni ya kawaida ya vyanzo visivyotegemeana, yaani kwa kipeo cha pili cha kila moja na kisha kipeuo cha jumla, hupatikana takriban milimita 166. Kwa hiyo mtiririko ni 120, kuongeza au kupunguza 166. Upana huo unajumuisha mto uliojaa na mto usiokuwepo kabisa.

Milimita ni kipimo kinachoficha mambo, kwa hiyo inafaa kukigeuza. Sehemu ya bonde la Mara iliyomo Tanzania, kwa kuchukua theluthi moja na ushei, ni karibu kilomita za mraba 4,800. Milimita 100 juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 480 kwa mwaka, sawa na mita za ujazo 15 hivi kwa kila sekunde, usiku na mchana. Si maji hayo yote yangefika mtoni, kwani sehemu kubwa ingerudi angani. Lakini mtiririko wa Mara katika kiangazi kikali hushuka hadi mita za ujazo chache tu kwa sekunde. Kosa lililomo ndani ya mvua linaweza basi kuzidi mto wenyewe katika majira ambayo mto unahitajika zaidi.

Asilimia 10 haikuchaguliwa ili kutisha. Kipimamvua cha mkono kilichoenea Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni kina mdomo wa inchi tano, yaani milimita 127. Eneo la mdomo huo ni kama sentimita za mraba 127. Kipimamvua kimoja kinachowakilisha kilomita za mraba 100 kinazungumza kwa niaba ya eneo linalokizidi karibu mara bilioni nane. Upepo hupeperusha matone pembeni ya mdomo, maji mengine hubaki yameng'ang'ania kuta za chombo, na mengine huvukizwa kabla ya kusomwa. Yote hayo hupunguza kipimo, hakuna hata moja linaloongeza. Hili ni kosa la kimfumo kwa maana kamili ya neno, na wastani wa miaka mingi haulifuti.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limependekeza, kwa maeneo ya tambarare za bara na ya vilima, angalau kipimamvua kimoja cha kusomwa kwa mkono kwa kila kilomita za mraba 575, na kwa maeneo ya milima kimoja kwa kila kilomita za mraba 250. Kwa kiwango cha kwanza, sehemu ya Tanzania ya bonde la Mara ingehitaji vipimamvua visivyopungua vinane vinavyosomwa kila siku bila kukatika. Idadi hiyo si kubwa. Ugumu wake uko katika maneno "bila kukatika", na pia katika mahali vinapowekwa. Kipimamvua huwekwa palipo na mtu wa kukisoma: shuleni, misheni, kituo cha kilimo, mjini, penye barabara. Katika Tarime hali hiyo huelekeza vipimo kwenye nyanda za juu, zenye watu wengi, migomba na kahawa, ambako mvua ni nyingi kuliko katika bonde la mto lililo chini. Mtafiti anayechora mistari ya mvua kutoka katika vituo hivyo hadi kingo za Mara huubeba unyevu wa milimani na kuumwaga bondeni, bila yeye kukusudia.

Upande wa kusini hali ni tofauti na, kwa mshangao wa wengi, ina historia nzuri zaidi. Utafiti wa Norton-Griffiths, Herlocker na Pennycuick uliochapishwa mwaka 1975 kuhusu ruwaza za mvua katika ikolojia ya Serengeti bado ni msingi wa maandiko mengi. Ulionyesha mteremko wa mvua kutoka takriban milimita 500 kwa mwaka katika mbuga za kusini-mashariki hadi zaidi ya milimita 1,000 kaskazini-magharibi. Ni kazi yenye nidhamu, na mtandao wa vipimamvua wa ndani ya hifadhi ulioendelezwa baadaye ni hazina. Hata hivyo vipimamvua hivyo vimesomwa kwa mwezi, si kwa siku. Milimita 90 za mwezi mmoja zinaweza kuwa ngurumo tatu kubwa zilizomwaga maji juu ya udongo mgumu na kuyapeleka mtoni kabla ya jioni. Zinaweza pia kuwa manyunyu ya siku kumi na tano yaliyonywewa na nyasi. Jumla ni ileile, mito ni miwili tofauti. Mwenye kutumia takwimu hizo kwa malisho ya nyumbu, jambo zilizokusudiwa kulihudumia, yuko salama. Mwenye kuzigawa katika siku kwa kanuni ya kompyuta ili ailishe modeli ya mtiririko ameongeza habari ambayo chombo hakikuipima.

Lipo suala la saa ambalo hupuuzwa mara kwa mara. Kipimamvua cha mkono husomwa saa tatu asubuhi, na kwa desturi maji yaliyomo huandikwa kuwa mvua ya siku iliyotangulia. Siku ya bidhaa nyingi za setilaiti huanza saa sita usiku kwa saa za dunia, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Siku hizo mbili zimepishana kwa saa sita. Mvua ya alfajiri, ambayo kando ya Ziwa Victoria si jambo geni kwa kuwa ziwa huzalisha mawingu ya radi usiku, huangukia katika siku mbili tofauti za daftari. Katika jumla ya mwezi tofauti hiyo karibu hutoweka. Katika ulinganishi wa siku kwa siku, huifanya setilaiti ionekane mbovu au modeli ionekane imechelewa. Tasnifu inayolinganisha vyanzo hivyo viwili kwa siku bila kutaja saa inapaswa kurudishwa kwa mwandishi wake.

Kwa kuwa vituo vya ardhini ni vichache, watafiti wamezigeukia setilaiti, na ni haki wafanye hivyo. Mango na wenzake, katika makala ya mwaka 2011 kuhusu sehemu ya juu ya bonde la Mara, waliendesha modeli ya SWAT kwa mvua ya vipimamvua na kwa mvua iliyokadiriwa kutoka setilaiti. Mvua ya setilaiti ndiyo iliyoukaribia zaidi mtiririko uliopimwa. Makala hiyo ina uaminifu wa kuonyesha matokeo mabaya pamoja na mazuri, jambo ambalo si la kawaida. Wanaoinukuu ndio hukosea wanaposema kwamba imethibitisha kuwa setilaiti hupima mvua vizuri kuliko kipimamvua. Kilichoonyeshwa ni kwamba modeli iliyorekebishwa vigezo vyake kwa mvua ya aina fulani inaweza kufuata mto vizuri zaidi. Modeli yenye vigezo vingi ina mahali pengi pa kuficha kosa: mvua ikizidi, mvukizo huongezwa kidogo, au maji huzamishwa katika tabaka la chini. Hidrografu hulingana. Mizania ya ndani huwa imepotoka. Anayechukua kutoka katika modeli hiyo si mtiririko bali kiasi cha maji yanayozama ardhini, kwa mfano kwa ajili ya visima vya vijiji, huenda amechukua kosa lenyewe likiwa limevikwa jina jipya.

Bidhaa ya CHIRPS, inayotumika sana kwa sababu ina takwimu tangu mwaka 1981 na vipande vidogo vya nyuzi 0.05, huleta tatizo la mduara. Bidhaa hiyo hukadiria mvua kutokana na muda ambao mawingu yenye vilele vya baridi hukaa juu ya mahali, kisha huchanganya makadirio hayo na vipimo vya vituo vya ardhini. Mtafiti akiithibitisha kwa kituo ambacho tayari kimechanganywa ndani yake, amelinganisha kituo na kituo hicho hicho. Matokeo huwa mazuri na hayana maana. Zaidi ya hayo, mvua ya milimani inayotoka katika mawingu yasiyopanda juu sana haina kilele cha baridi cha kuonwa na setilaiti. Nyanda za Tarime ni mahali pa kushuku jambo hilo kuliko tambarare za Serengeti. Kosa la setilaiti basi huenda likawa na mwelekeo mmoja upande wa kaskazini wa mto na mwelekeo mwingine upande wa kusini, na wastani wa wilaya mbili ukaonekana sahihi kwa bahati tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeshiriki katika mpango wa ENACTS unaounganisha vituo vya kitaifa, vikiwemo visivyofika katika hifadhidata za kimataifa, na makadirio ya setilaiti. Kwa mtafiti wa Mara hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kupakua faili la dunia nzima.

Haki inadai pia kueleza pale ambapo mashaka ya mvua hayaharibu hoja. Mati na wenzake, mwaka 2008, walilinganisha matumizi ya ardhi ya mwaka 1973 na ya mwaka 2000 na kukadiria kwamba kilele cha mafuriko kiliongezeka kwa asilimia 7 na kufika siku 4 mapema. Kwa haraka mtu angesema asilimia 7 ni ndogo kuliko mashaka ya mvua, kwa hiyo matokeo hayafai. Ukosoaji huo ungekuwa wa pupa. Pale mvua ileile inapotumika kwa ramani zote mbili za ardhi, sehemu kubwa ya kosa la mvua huingia pande zote mbili na kufutana. Tofauti kati ya hali mbili inaweza kuaminika kuliko kila hali peke yake. Kinachobaki na shaka ni pale asilimia hiyo inapohamishwa na wanaoinukuu kutoka katika modeli na kutajwa kama badiliko lililoonekana mtoni.

Mipaka ya utawala huongeza ugumu ambao takwimu za hali ya hewa pekee haziuonyeshi. Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Wastani wa mvua wa "Tarime" ulioandikwa kabla ya hapo unabeba pwani ya ziwa na tambarare zake. Ulioandikwa baadaye unabeba zaidi nyanda za juu. Mtu akiunganisha mifuatano hiyo miwili kwa kuwa jina ni moja, atagundua mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na uamuzi wa kugawa wilaya. Serengeti nayo haifungi hesabu: maji ya kaskazini yake huenda Mara, ya kusini huenda Grumeti. Kaskazini mwa Tarime, Mto Mori hupeleka maji ziwani bila kugusa Mara. Mizania ya wilaya, kwa maana kali ya mizania, haipo. Iliyopo ni ya vidakio, na ripoti za wilaya zinapaswa kukusanywa kutoka katika vidakio hivyo.

Mfano wa ziwa lenyewe unafundisha. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na kwa muda mrefu mvua hiyo ilikadiriwa kutoka vituo vya ufukweni. Ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, ilikuwa vigumu kulieleza ongezeko hilo kwa mizania zilizokuwepo. Kazi ya Piper, Plinston na Sutcliffe ya mwaka 1986 ilirudi kwenye vipengele vya mizania kimoja kimoja, na katika miaka ya 1990 Sharon Nicholson na wenzake walionyesha kwa setilaiti kwamba mvua juu ya ziwa huzidi ile ya ardhi inayolizunguka. Ziwa lilikuwa na faida moja ambayo Tarime na Serengeti hazina: kina chake husomwa Jinja na hakiwezi kubishaniwa. Mizania ilipokuwa na kosa, ziwa liliwaumbua waandishi. Katika wilaya za Mara hakuna chombo kikubwa namna hiyo cha kuwaumbua. Kipo kituo cha mtiririko cha Mara Mines, lakini sehemu kubwa ya maji yanayopita hapo yalianguka Kenya, na kwa hiyo kinazungumza kidogo kuhusu mvua ya Tarime na Serengeti.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito nje ya chumba cha mtihani? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inataka maji ya matumizi ya msingi ya binadamu na ya mazingira yatengwe kwanza, kisha ndipo vibali vya matumizi mengine vitolewe. Kibali hutaja kiasi. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria haiwezi kuandika katika kibali kwamba mwombaji achote 120, kuongeza au kupunguza 166. Inahitaji namba moja, na namba hiyo hutoka katika maandiko ya aina inayojadiliwa hapa. Iwapo mvua imekadiriwa kupita kiasi, ziada isiyokuwepo hugawanywa kwa wakulima wa umwagiliaji, mgodi na miji. Mwaka wa ukame unapofika, upungufu hauwagusi wote sawasawa. Aliye juu ya mto huchota kwanza. Aliye chini, katika vijiji vya kando ya ardhi oevu, hupata kilichobaki, na kadhalika mifugo na wanyamapori wanaoutegemea mto pekee wakati wa kiangazi. Kazi ya Gereta, Wolanski na wenzao ya mwaka 2002 ilikwishaonya kwamba Mara ikikauka katika ukame mkali, uhamaji wa nyumbu utapata pigo zito. Bwawa la Manchira, linalohudumia mji wa Mugumu, liko katika hali kali zaidi: kidakio chake ni kidogo, na eneo likiwa dogo mashaka ya mvua hayapati vituo vingi vya kuyapoza.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji fedha nyingi. Mtafiti anaweza kuiendesha modeli ileile kwa mvua ya chini, ya kati na ya juu kulingana na mashaka aliyoyaeleza, na kuandika mitiririko mitatu ya kiangazi badala ya mmoja. Mvukizo ukikadiriwa kama baki la mvua na mtiririko, na aseme hivyo, maana mizania iliyofungwa kwa njia hiyo hufunga daima na haithibitishi chochote. Anaweza pia kukiondoa kituo kimoja kimoja katika hesabu na kuona kipi kinayumbisha matokeo. Kituo kitakachoyayumbisha zaidi, kiwe cha nyanda za juu za Tarime au cha upande wa Mugumu, ndicho kitakachoonyesha kipimamvua kijacho kiwekwe jirani na wapi, na ni msomaji yupi wa saa tatu asubuhi ambaye posho yake haipaswi kucheleweshwa.